Virusi vya mafua vikikutwa kwenye maziwa, tunajuaje kama viko hai?

Machi 2024 Marekani ilitangaza kwamba virusi vya mafua ya ndege aina ya H5N1 vimewaingia ng'ombe wa maziwa. Mwezi uliofuata, mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo, FDA, ikasema karibu sampuli moja kati ya tano za maziwa ya dukani zilikutwa na chembechembe za virusi hivyo. Habari kama hiyo ikifika kwenye simu zetu vijijini, swali huwa moja: maziwa tuyamwage?

Kabla ya kujibu, tuangalie kipimo kilichotumika. Kilikuwa PCR, ambacho hutafuta vipande vya vinasaba vya virusi. Ni kipimo cha haraka, lakini hakitofautishi kirusi hai na mabaki ya kirusi kilichokufa. Ni kama kukuta manyoya uani: utajua kuku alikuwepo, lakini hutajua kama bado anatembea au ameshaliwa.

Ili kujua kama virusi viko hai, wataalamu huvipa mahali pa kuzaliana. Kwa mafua, mara nyingi hutumia seli zinazoitwa MDCK. Asili yake ni figo ya mbwa, na zimekuwa zikikuzwa maabara tangu 1958. Seli hizo hutandazwa kama jamvi chini ya kisahani. Sampuli huzimuliwa mara 10, kisha mara 10 tena, na kuendelea, halafu humiminwa juu yake. Baadaye hufunikwa kwa kitu kizito kama jeli, ili kila kirusi kiambukize seli za jirani tu.

Baada ya siku mbili au tatu hutiwa rangi. Seli hai hushika rangi, na pale zilipokufa hubaki tundu jeupe. Kila tundu lilianzia kwenye kirusi hai kimoja, hivyo wataalamu huhesabu matundu. Tuseme sampuli ilizimuliwa mara 1,000, na mililita moja ikatoa matundu 30. Maana yake, kila mililita ya sampuli ya mwanzo ilikuwa na virusi hai wapatao 30,000. Pasipo tundu, hakuna kirusi hai kilichoonekana.

FDA ilikusanya sampuli 297 za bidhaa za maziwa ya dukani. Ilipopima zile zilizokutwa na chembechembe za virusi kwa kuziingiza kwenye mayai ya kuku yenye vifaranga vinavyokua, njia nyingine ya kuotesha virusi, haikupata kirusi hai hata kimoja. Joto la kiwandani lilikuwa limeviua.

Maziwa mabichi yalikuwa na habari nyingine. Watafiti waliopima maziwa ya ng'ombe wagonjwa kutoka New Mexico walikuta virusi hai, na panya walionyweshwa maziwa hayo waliugua. Kwenye friji virusi vilidumu wiki kadhaa. Lakini maziwa yalipopashwa nyuzi joto 63 kwa nusu saa, virusi hai havikuonekana tena.

Kwa hiyo hatuna sababu ya kumwaga maziwa. Tuyachemshe mpaka yatokote, kwani hapo hupita nyuzi 90 hata kwenye nyanda za juu. Na tukisikia tena kwamba virusi "vimepatikana" kwenye chakula, tuulize kwanza: vimepatikana vikiwa hai, au ni mabaki tu?