Ukinunua Simbilisi kwa Ajili ya Kiki, Tafuta Daktari Kwanza

Najua mmezoea nikiingia hapa ni habari za nani kaachana na nani, nani kahama lebo, nani kapanga nyumba halafu anatuambia kajenga. Leo mnivumilie kidogo, kuna kitu nimekiona wikiendi hii kimenikaa rohoni.

Kuna staa mmoja wa kike hapa Dar, jina kapuni, wafuasi anao kibao na mdomo wake mnaujua. Miezi kadhaa nyuma alipewa zawadi ya simbilisi na shemeji yetu wa wakati ule. Mnaikumbuka ile video: simbilisi mweupe, doa la kahawia, kafungwa riboni ya pinki, kawekwa juu ya mto wa satini. Komenti zikajaa mioyo. Hazikupita wiki mbili kila bidada wa mjini naye anataka simbilisi.

Sasa juzi kaposti tena. Simbilisi ni yuleyule ila riboni hakuna. Anajikuna. Anajikuna kwa mguu wa nyuma, anazunguka, anajing'ata ubavuni. Mgongoni manyoya yamenyonyoka, ngozi iko wazi ina magamba. Mwishoni anaanguka ubavu, anatetemeka kama mtoto mwenye degedege. Staa wetu kaandika chini: "Jamani mwanangu anacheza singeli." Na vicheko vitatu.

Nikafungua komenti. Chawa wake, wale wa kusifia hata akipiga chafya, wanacheka naye. Waliobaki wamegeuka madaktari. Mmoja anasema mpake mafuta ya taa. Mwingine, muogeshe na dawa ya kupe ya mbwa. Mwingine, huyo karogwa, angalia nani kakutembelea. Na mmoja, kwa kujiamini kabisa: mpe amoksilini, wa kwangu alipona.

Hapo kwenye amoksilini nikaweka simu chini. Maana mimi nilishaua simbilisi kwa dawa hiyohiyo.

Karanga

Mwaka 2021 nilikuwa nimepanga chumba Sinza. Nikanunua simbilisi kwa jamaa anayeuza sungura na njiwa, elfu kumi na tano, nikamwita Karanga kwa sababu ya rangi yake. Alikuwa na raha yule mtoto. Akisikia tu mfuko wa mboga unachakacha anapiga kelele mpaka jirani anagonga ukuta.

Mwezi wa pili akaanza kujikuna. Nikauliza kwenye kundi la WhatsApp, mtu akaniambia hiyo ni bakteria, mpe amoksilini ya maji, ile ya watoto. Nikaenda duka la dawa, nikanunua, nikawa nampa matone asubuhi na jioni. Siku ya tatu akagoma kula. Siku ya nne akaharisha. Siku ya tano nimerudi kazini nimemkuta kalala pembeni ya bakuli lake, wa baridi.

Baadaye ndiyo nikaja kueleweshwa. Tumbo la simbilisi linategemea bakteria wazuri wanaomsaidia kusaga majani. Amoksilini, ampisilini na penisilini za kumeza zinawaua hao wazuri, wabaya wanapata nafasi, wanazaana na kutoa sumu, na mnyama anaweza kufa ndani ya siku chache. Yaani dawa unayomeza wewe ukiumwa koo, kwake yeye ni sumu. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba Karanga inawezekana kabisa hakuwa na tatizo la bakteria. Dalili zote nilizozieleza zilikuwa za utitiri.

Kwa hiyo naandika hapa kama mtu aliyekosea, siyo kama mtu anayejua sana.

Hachezi singeli, anaumwa

Kujikuna ni dalili moja, ila nyuma yake kuna magonjwa tofauti na kila moja lina dawa yake.

Mbaya kuliko wote ni utitiri wa kuchimba, kitaalamu anaitwa Trixacarus caviae. Anaingia ndani ya ngozi, hata ukimulika na tochi ya simu humwoni. Daktari anakwangua ngozi kidogo na kwenda kuangalia kwenye darubini. Muwasho wake ni mkali kiasi kwamba mnyama anaanguka na kutetemeka kama mwenye kifafa. Ndicho ninachohofia kwa yule wa kwenye video. Kama ndicho, hiyo haikuwa singeli, ni maumivu.

Kuna utitiri mwingine anakaa juu kwenye manyoya, huyo mara nyingi hana fujo sana. Halafu kuna chawa, sasa hawa ni chawa wa kweli, wanaonekana kwa macho wakitembea na mayai yao yamegandia kwenye nywele. Chawa wa simbilisi hawahamii kwa binadamu, usiogope. Ila utitiri wa kuchimba unaweza kukuwasha mikononi kwa muda ukimshika mgonjwa.

Kuna na mapunye. Hayo siyo mdudu, ni fangasi, na mara nyingi yanaanzia usoni na masikioni. Mapunye yanakuambukiza vizuri tu, wewe na watoto wa nyumbani.

Na nyuma ya yote hayo kuna lishe. Simbilisi ni kama binadamu, mwili wake hautengenezi vitamini C, lazima ale. Akiikosa anadhoofika, manyoya yanakuwa mabaya, na utitiri uliokuwa umejificha unapata upenyo. Kumlisha pumba na mkate kila siku ni kumwandalia ugonjwa.

Sasa niambieni, kwenye hayo yote, mafuta ya taa yanaingilia wapi? Mafuta ya taa yanaunguza ngozi, na mnyama akijilamba anayameza.

Duka la dawa za mifugo siyo hospitali

Njia ya Kibongo tunaijua. Unaenda duka la dawa za mifugo, unamweleza muuzaji, anakutolea chupa ya aivamektini. Siibezi hiyo dawa, hata madaktari wanaitumia kwa utitiri wa simbilisi. Shida ni kipimo. Ile ya sindano ya asilimia 1 imepangwa kwa ng'ombe, mililita 1 kwa kila kilo 50 za uzito. Simbilisi mkubwa ana gramu 700 mpaka 1,200 hivi. Piga hesabu mwenyewe. Hapo unacheza na sehemu ya tone, na bomba la sindano ulilopewa dukani haliwezi kupima hiyo kitu.

Jambo la pili, dawa hiyo haiui mayai. Ukimpa mara moja, ukaona katulia, ukaacha, mayai yanaanguliwa na mnaanza upya. Lazima irudiwe kwa ratiba ya daktari. Na kama wako wawili, wanatibiwa wote, na banda linasafishwa siku hiyohiyo. Muuza duka hatakupigia simu kukukumbusha hayo, na wala siyo kazi yake.

Daktari mzuri ni yupi

Mwaka 2023 nilitaka kufuga tena. Safari hii nikasema natafuta daktari kabla sijanunua mnyama. Wa kwanza nilimpigia, hata uzito hakuuliza, akasema ukiwa naye mlete tu nimchome sindano. Nikashukuru, nikakata.

Wa pili akaniuliza maswali mpaka nikachoka. Utamlaza wapi? Atakula nini? Atakuwa na mwenzake? Nikanunua wawili, dada na dada, nikawapeleka wakaangaliwe. Kabla ya kitu chochote akawaweka kwenye mzani mmoja mmoja. Akafunua manyoya, akaangalia masikio, akaangalia meno, kwa sababu meno yao yanaota maisha yao yote. Mmoja akamkuta na utitiri, akaniambia: "Dada, sungura nimewatibu wengi, simbilisi wachache. Nipe dakika nimpigie mwalimu wangu Morogoro nihakikishe dozi." Akapiga palepale mbele yangu.

Kuna mtu angesema huyu hajui kazi. Mimi hapo ndipo nilipojua nimempata daktari. Aliyemuua Karanga ni mimi niliyejifanya najua.

Kwa hiyo ukitafuta daktari wa simbilisi, mimi naangalia haya:

- Amesajiliwa? Madaktari wa mifugo Tanzania wanasajiliwa na Baraza la Veterinari, lipo kwa sheria ya mwaka 2003. Kumwuliza usajili siyo dharau. Na ujue tofauti: muuza dawa ni mmoja, bwana mifugo ni mwingine, daktari ni mwingine.
- Anapima uzito kabla ya dawa? Asipopima, chukua kikapu chako uondoke.
- Muulize, "Dokta, ni antibayotiki gani simbilisi hatakiwi kumeza?" Akitaja amoksilini na ndugu zake, kaa kitini.
- Anakupa tarehe ya kurudi? Utitiri hautibiwi kwa siku moja.
- Asichokijua anasema hakijui na anatafuta wa kumuuliza? Huyo mshike.

Dar hii usitegemee kukuta daktari wa simbilisi kila mtaa. Anza na anayetibu sungura, maana hao angalau wanakaribiana kwenye mambo ya tumbo na meno.

"Si ununue mwingine?"

Najua komenti inayokuja. Dada, mnyama wa elfu kumi na tano unamtibu kwa elfu arobaini, si ununue mwingine? Kweli, elfu arobaini ndiyo ilinitoka, na siyo hela ndogo, mimi siyo mtoto wa waziri.

Lakini ukinunua mwingine ukamtia kwenye banda lilelile, umemnunulia utitiri. Na siyo suala la hela tu. Bibi yangu Makete alikuwa anafuga simbilisi jikoni kwa ajili ya nyama, na sina tatizo naye hata kidogo. Huko Peru na Bolivia walikotokea hawa wanyama, watu wanawala toka maelfu ya miaka. Bibi alijua anachofanya. Kila asubuhi anatoa nyasi za jana, anaweka mpya. Anayeonekana mgonjwa anatengwa siku hiyohiyo. Na akichinja, anachinja mara moja. Hakuna simbilisi wa bibi aliyejikuna wiki nzima huku watu wanamrekodi wakicheka.

Sisi tunaosema tunawapenda ndio tunaowatesa. Kama huna hela ya daktari leo, siyo aibu. Ila basi usinunue leo.

Kinga ni rahisi kuliko tiba

Mgeni asichanganywe na wenyeji, mtenge wiki mbili mpaka tatu umwangalie. Banda litolewe uchafu kila siku na matandiko yote yabadilishwe angalau kila wiki. Nyasi zisitoke mahali mbwa wanapokojoa au panapopulizwa dawa. Kila siku kipande cha pilipili hoho, ina vitamini C ya kutosha. Mara moja kwa wiki muweke kwenye mzani wa jikoni na uandike, maana atapungua uzito kabla hujaona kitu kingine. Siku hiyohiyo mchane juu ya karatasi nyeupe uone kinachodondoka.

Kila siku, hasa kipindi cha mvua nzi wakiwa wengi, muangalie nyuma. Akiwa amelowa au ana kinyesi kimeganda, nzi anataga hapo, na funza wanaweza kutoka ndani ya siku moja. Na akigoma kula, usisubiri kesho, nenda leo.

Nimalizie na wewe dada yangu staa. Najua hii itakufikia, chawa wako hawalali. Sikuchukii wala sitafuti kiki kwa jina lako, ndiyo maana sijalitaja. Ile video usiifute tu ukanyamaza. Mpeleke kwa daktari, halafu posti nyingine akiwa juu ya mzani. Waliokuiga riboni watakuiga na hilo, na kuna simbilisi wengi huko Tabata na Kimara watapona kwa ajili yako.

Na nyie wadau, kama unamjua daktari anayetibu simbilisi au sungura mkoani kwako, weka kwenye komenti yuko mji gani na ulimwonaje kwa macho yako. Za kuambiwa na jirani naomba tusiweke. Hizo ndizo zilizomuua Karanga.