Waliojua Walikuwa Wengi

Tarehe 23 Aprili 2013, huko Savar karibu na Dhaka, nchini Bangladesh, nyufa kubwa zilionekana katika jengo la Rana Plaza. Mhandisi aliyeitwa kuliangalia alisema si salama. Benki iliyokuwamo katika orofa za chini ikafungwa, watumishi wake wakabaki nyumbani. Lakini mafundi wa viwanda vitano vya nguo vya orofa za juu waliamriwa kurudi kazini kesho yake, wengine wakitishwa kwamba atakayekosa atanyimwa mshahara wa mwezi. Asubuhi ile umeme ulikatika, majenereta yakawashwa, jengo likaporomoka. Wakafa watu 1,134.

Wengi huliita tukio hilo ajali. Sisi hatulikubali neno hilo. Jengo lilikusudiwa maduka na ofisi, wala si mashine. Orofa za juu ziliongezwa bila kibali halali. Hatari ilionekana kwa macho na kutamkwa kwa kinywa. Je, tuwalaumu mafundi walioingia? Hasha! Hawakuwa na chama cha wafanyakazi cha kuwasemea, na ujira wao, kama alivyokumbusha Papa Fransisko tarehe 1 Mei mwaka ule, ulikuwa euro 38 kwa mwezi. Yeye aliuita utumwa. Anayechagua kati ya hofu ya ukuta na hofu ya kukosa mchele hachagui kwa hiari.

Kwa hiyo, kabla ya kumhimiza mfanyakazi awe jasiri, yatupasa kumwambia mwajiri aache kuutoza ujasiri huo. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, wataka asiadhibiwe mfanyakazi anayejiondoa mahali anapoamini, kwa sababu ya haki, kwamba pana hatari kubwa iliyo karibu. Tanzania nayo ilitunga mwaka 2015 sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Ni nadra kuiona imebandikwa ukutani kiwandani, pale panapobandikwa kwa herufi kubwa adhabu za wachelewaji.

Upo lakini ukimya mwingine, usiozaliwa na njaa. Mkaguzi hutia sahihi daftari bila kuigusa mashine. Msimamizi wa zamu huamuru kinga ya mashine ifunguliwe ili kazi iende upesi. Karani wa ghala hubandika tarehe mpya juu ya bidhaa iliyokwisha muda wake. Hawa husema wameagizwa tu. Amri ya nane, inayokataza ushahidi wa uongo, haikuwaachia nafasi ya kujificha nyuma ya bwana mkubwa, maana sahihi ni yao.

Twajua anayesema huitwa mchongezi, hata na wenzake wa zamu. Jina hilo lauma. Lakini mchongezi hupeleka maneno gizani ili amwangushe mtu. Anayetaja mashine mbovu hutaka wenzake warudi nyumbani na vidole vyao vyote.

Asiende peke yake. Aandike tarehe, saa, mahali na alichokiona, bila kuongeza chumvi. Atafute mwenzake aliyeona pia. Waanze kwa kamati ya usalama au chama chao, na wakipuuzwa waende kwa mkaguzi wa serikali. Nazo Kamati za Haki na Amani za parokia zimtafute mapema mwanasheria muumini atakayewasomea barua ya kufukuzwa siku itakapofika, kwani kwa wengine itafika.