Wimbo nao usiuzwe butura
Mkulima wa Bukoba na Muleba anaijua hasara ya butura: kahawa inauzwa ingali maua mtini, faida anaila mwingine. Wapo wasanii wanaouza wimbo vivyo hivyo, kwa fedha kidogo na bila maandishi.

Wanasahau kuwa wimbo hauchakai. Mwaka 2013 kampuni ya Soundway ya Uingereza ilikusanya nyimbo za magitaa za Kenya za miaka ya 1970 na 1980, ikazitoa upya kwenye santuri.

Kagera, nyumbani kwa Saida Karoli, ina utajiri huo. Tunawashauri wasanii waandikiane mikataba na wenye studio, wasajili kazi zao COSOTA na watunze rekodi halisi. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 ipo, lakini asiye na karatasi atadai kwa lipi?