UCHAMBUZI: Rangi mpya isiwe pazia la kuficha kasoro za nyumba Pwani

WAHENGA walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya nyumba mwambaoni, kuanzia mjini Kilifi kupitia Watamu na Gede hadi Malindi, methali hiyo imetiwa katika mtihani mgumu. Siku hizi kibaya hakijitembezi. Hupakwa rangi, kikapigwa picha, kisha kikawekwa sokoni kana kwamba ndicho kizuri chenyewe.

Si kosa mwenye nyumba kupaka rangi kabla ya kuuza. Kinyume chake, ni busara. Miongoni mwa kazi zote za ukarabati, rangi ni mojawapo ya zile zenye gharama nafuu, na mgeni anayeingia sebuleni huanza kuipenda au kuichukia nyumba kabla hajauliza bei. Swali ni je, ni rangi gani ifaayo, na inapakwa kwa nia ipi?

Jibu haliwezi kuazimwa kutoka majarida ya ughaibuni. Kwa mfano, rangi ya kijivu imependwa mno katika nyumba za Ulaya na Marekani. Lakini chini ya jua la Malindi, kijivu hufanana na saruji ambayo haijamaliziwa, na katika chumba chenye paa la makuti huzidisha giza. Nyekundu nzito na buluu iliyokolea nazo hukibana chumba na kumlazimisha mnunuzi kuanza kuhesabu gharama ya kuziondoa.

Wakazi wa mwambao walipata jawabu karne nyingi zilizopita. Magofu ya Gede, yaliyotiwa na UNESCO katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka 2024, yanaonyesha jinsi waliotutangulia walivyojenga kwa mawe ya matumbawe na kuzipaka kuta zao lipu ya chokaa. Nyeupe ya chokaa hurejesha mwanga na kukifanya chumba kionekane kikubwa na chenye ubaridi. Hata Waitaliano, ambao ujio wao Malindi unahusishwa na kituo cha anga cha San Marco kilichoanzishwa Ngomeni miaka ya 1960, walijenga nyumba nyingi za likizo zenye kuta nyeupe chini ya makuti.

Kwa hivyo, anayetaka kuuza hana haja ya kubuni makubwa. Nyeupe isiyo kali, rangi ya maziwa au ile ya mchanga mkavu hufaa sebuleni na vyumbani. Mwenye kupenda samawati au kijani hafifu aipeleke bafuni au kwenye ukuta mmoja tu. Na katika nchi ambapo chungwa na manjano zimekuwa sare za vyama vya siasa, si hekima sebule ikamfanya mnunuzi ashuku kuwa ameingia katika afisi ya chama.

Hata hivyo, kuchagua rangi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, ambayo wauzaji wengi huikwepa, ni ukuta wenyewe. Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi, nalo hunyonya maji kutoka ardhini. Maji hayo hubeba chumvi. Yanapokauka, chumvi hubaki juu ya ukuta kama unga mweupe, lipu ikaanza kumomonyoka na rangi ikabambuka. Hali huwa mbaya zaidi pale fundi alipochanganya lipu kwa mchanga wa ufuoni ambao haukuoshwa.

Mwenye pupa huita fundi, akaamuru ukuta huo upakwe rangi ya mafuta inayong'aa. Kwa wiki kadhaa nyumba hupendeza. Lakini rangi ya mafuta huziba vitundu, unyevu ukakosa pa kutokea, na masika yanapowadia ukuta hufura na kutoa malengelenge. Wakati huo muuzaji keshatia fedha kibindoni, na aliyeachiwa kilio ni mnunuzi ambaye huenda alitumia akiba yake yote.

Njia ya haki ni kutafuta kwanza maji yanatoka wapi: paa linalovuja, bomba lililopasuka au msingi uliokosa kizuizi cha unyevu. Lipu iliyooza ibanduliwe, chumvi ipanguswe kwa brashi kavu, ukuta uachwe ukauke, kisha upakwe chokaa au rangi ya maji inayoruhusu ukuta kupumua. Miezi ya Agosti na Septemba hufaa kwa kazi hiyo, kwa kuwa mvua ya masika huwa imepita na ile ya vuli haijaanza. Nyumba huwa tayari kabla ya wageni wa Desemba kuwasili.

Kuna suala la afya pia. Rangi za zamani, hasa za mafuta, huenda zina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Viwango vya Kenya vinaweka kikomo cha sehemu 90 za risasi kwa kila milioni, lakini kikomo hicho hakiondoi rangi iliyopakwa miaka mingi iliyopita. Fundi asipige msasa mkavu huku watoto wakicheza ndani.

Mnunuzi naye asiwe bwege. Mikataba mingi ya mauzo huwa na kifungu kinachosema kuwa ameikagua nyumba na kuikubali ilivyo. Akishatia sahihi na kulipa malipo ya kwanza, ambayo kwa desturi ni asilimia 10 ya bei, kulalamika juu ya ukuta ni kujichosha. Aizuru nyumba mvua ikinyesha, aguse kuta kwa kiganja karibu na sakafu, asogeze kabati, na anuse. Ukuta mmoja uliopakwa jana huku mingine ikiachwa ni sababu ya kuuliza maswali.

Zaidi ya yote, akumbuke kuwa hakuna rangi inayosafisha hati. Katika eneo hili, ambako migogoro ya ardhi ina mizizi katika sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, upekuzi katika afisi ya usajili wa ardhi hutangulia sifa za sebule. Asiye raia naye ajue kuwa Katiba ya 2010, katika kifungu cha 65, humruhusu kumiliki ardhi kwa mkataba wa kukodi usiozidi miaka 99 pekee.

Hapana shaka Malindi na Kilifi zitaendelea kuwavutia wanunuzi. Lakini soko la nyumba husimama kwa kuaminiana, na mnunuzi aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kila ukuta unaopakwa rangi ili kuficha uozo humharibia jirani ambaye nyumba yake ni nzima. Muuzaji na atengeneze kwanza, kisha apake. Hapo ndipo kizuri kitakapojiuza.