Hongo Bado Inatozwa Njiani

Katika karne ya 19, doti ya kitambaa iliyotoka Bagamoyo ilipofika Tabora ilikuwa imekwisha kubebeshwa bei ya wengi. Mkopeshaji wa Unguja alidai riba, mfanyabiashara alitaka faida, na watawala wa njiani walitoza hongo. Mpagazi alistahili ujira wake, kwani yeye alibeba mzigo.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na safari ya miezi ikawa ya siku. Hata hivyo, mgonjwa anayetoka zahanati na cheti badala ya dawa angali katika njia ile ile: mwagizaji, dalali, muuzaji wa jumla, muuzaji wa rejareja. Kila mkono huongeza chake, na anayelipa ni yule asiyeweza kukataa.

Walanguzi watasema kwamba wanatoa huduma. Anayesafirisha dawa na kuihifadhi vema alipwe, kama mpagazi. Lakini anayeuza ankara bila hata kuliona sanduku ni mtoza hongo.

Taifa halikukaa kimya. Sheria ya mwaka 1993 iliunda Bohari ya Dawa, yenye kanda Tabora. Baadaye ukaja mfumo wa Mshitiri: kituo kikikosa dawa Bohari, hununua kwa muuzaji aliyeteuliwa kwa zabuni, kwa bei iliyokwisha kupatanwa. Silaha hiyo hubutuka pale mtumishi anapochelewesha maombi, au kamati ya kituo inapotia sahihi bila kusoma leja.

Mwalimu anayeketi katika kamati hiyo na aulize: dawa hii imepita mikono mingapi, na ni upi uliobeba mzigo?