Mtoto wako amejifunzia wapi kumwita mwenzake 'Mrundi'?

Wiki mbili zilizopita nilikwenda kumsalimia dada yangu Nyabusozi, wilayani Biharamulo. Jioni, wakati tukichoma mahindi, watoto sita walikuwa wakicheza uani. Mchezo wenyewe niliujua, ni polisi na mwizi. Hata sisi tuliucheza kule Ngara tukiwa wadogo. Ila hawa walikuwa wameubadilisha jina. Waliuita polisi na Warundi.

Ukaanza ubishi wa kugawana nafasi, maana wote walitaka kuwa polisi. Mwana wa dada yangu, ambaye ana miaka saba, aliumaliza kwa kumnyooshea kidole mvulana mmoja mwembamba aliyekuwa amesimama karibu na mgomba.

"Wewe kila siku ni Mrundi. Kimbia!"

Yule mvulana akakimbia. Wenzake wakamfukuza huku wakicheka, yeye hakucheka.

Baadaye nilimwita mwanangu yule nikamuuliza kwa nini walimchagua mwenzao. "Mama mdogo, si unamsikia mama yake anavyoongea?" akanijibu, kisha akaiga lafudhi ya yule mama vizuri kabisa. Nikamuuliza tena, nani amemwambia kwamba Mrundi ni mwizi? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanalowesha. "Mama husema tufunge mlango mapema, Warundi ni wengi wakati wa mavuno."

Dada yangu alikuwa anageuza mahindi. Hakusema kitu.

Mzazi mwenzangu, siandiki haya ili kumsema dada. Naandika kwa sababu hata mimi mwenyewe nimeyasema. Na kwa kazi yangu ya kuripoti habari za afya, nimeanza kuona kwamba maneno haya hayaishii uani.

Tunavyosemana

Ukikaa kwenye vijiwe vya Lusahunga au Nyakahura, pale malori yanapopumzika kabla ya kwenda Rusumo, utasikia orodha nzima. Mrundi ni kibarua na ni mwizi. Mnyarwanda ni mjanja, msiri, usimwambie mambo yako. Tukiwamaliza majirani tunageukiana wenyewe: Mhaya ana majigambo, Msukuma mshamba, Mha mbishi.

Na wao wanatusema. Mama mmoja mfanyabiashara kutoka upande wa Rwanda aliwahi kuniambia pale Rusumo, akicheka, kwamba Watanzania tunapenda salamu ndefu kuliko kazi. Nilikasirika. Kisha nikajiuliza, mbona mimi nikisema ya kwao huwa naita utani?

Tena utani huu kwetu una kichekesho chake. Kihangaza kinachozungumzwa Ngara kinakaribiana sana na Kirundi. Eneo la Bugufi, ambalo leo ni sehemu ya Ngara, lilikuwa chini ya mwami wa Burundi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, koloni la Wajerumani liligawanywa. Ruanda-Urundi ikaenda kwa Wabelgiji na Tanganyika ikaenda kwa Waingereza, na Bugufi ikabaki upande wa Tanganyika. Watu hawakuhama, uliohama ni mpaka.

Bibi yangu mzaa mama alivuka mto Ruvubu kuja kuolewa. Nyumbani hatukulizungumza sana. Tukiulizwa shuleni tulifundishwa kujibu haraka: "Sisi ni Wahangaza." Jibu lilikuwa la kweli, lakini ile haraka ndiyo iliyonifundisha kwamba kuna kitu cha kuficha.

Hofu ina historia

Sitaki kudanganya kwamba hofu hii imetoka hewani. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24 wakikimbia kutoka Rwanda. Kambi ya Benaco ikawa kama mji mkubwa ulioota usiku mmoja. Wakimbizi waliifikia na kuizidi idadi ya wenyeji wa wilaya. Kuni zikaisha na maji yakagombaniwa. Miaka iliyofuata silaha zilizagaa, na wazee wanakumbuka mabasi yakisindikizwa na askari kupita kwenye mapori ya Biharamulo. Aliyeporwa njiani hajasahau, na hatuna haki ya kumwambia asahau.

Lakini walioporwa waliporwa na majambazi. Jambazi ana jina lake na kosa lake. Tukisema "Warundi wametupora", tunamweka kundi moja na mwanamke anayelima kwa vibarua shambani kwetu, na mtoto wake mwembamba aliyesimama karibu na mgomba.

Mwaka 2013, baada ya agizo la Rais Jakaya Kikwete la mwezi Julai kwamba wahamiaji haramu na wenye silaha waondoke, ikaja Operesheni Kimbunga mwezi Septemba. Maelfu ya watu waliondoka Kagera na mikoa jirani kwenda Rwanda, Burundi na Uganda. Zipo familia zilizotenganishwa, baba upande huu na mama upande ule. Mimi nilikuwa sekondari. Nakumbuka mwenzetu mmoja darasani ambaye dawati lake lilibaki wazi. Nakumbuka pia kwamba hatukuuliza.

'Ugonjwa wao'

Septemba 27, 2024, Rwanda ilitangaza mlipuko wa virusi vya Marburg. Waliougua walikuwa 66 na 15 kati yao walifariki dunia. Wengi wa walioambukizwa walikuwa wahudumu wa afya, yaani watu walioupata ugonjwa kwa kuwahudumia wengine.

Kwenye kundi letu la WhatsApp la familia mtu akaandika: "Hao Wanyarwanda wasituletee ugonjwa wao." Mtu huyo nilikuwa mimi. Mimi niliyesoma chuo kikuu, na ninayeandika kila siku kwamba virusi havina kabila.

Rwanda ilitangaza kumaliza mlipuko Desemba 20, 2024. Mwezi mmoja kamili baadaye, Januari 20, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza mgonjwa wa Marburg nchini, na wilaya iliyotajwa ilikuwa Biharamulo. Hadi mlipuko unatangazwa kuisha Machi 13, 2025, wagonjwa wawili walikuwa wamethibitishwa na wengine wanane walihesabiwa kuwa huenda waliugua ugonjwa huohuo. Wote kumi walifariki dunia. Na haikuwa mara ya kwanza kwa mkoa wetu. Machi 2023 Marburg ilikuwa Bukoba Vijijini, watu tisa wakaugua na sita wakafariki.

Siku hizo nilikuwa Dar es Salaam kikazi. Mwenyeji wangu alinipokea mlangoni mikono ikiwa nyuma. "Si umetoka Kagera wewe?" aliuliza. Nilikuwa nimetoka huko tangu Novemba. Nikalala usiku ule nikiwaza kundi la WhatsApp.

Marburg huambukiza kwa kugusa damu, matapishi, jasho au majimaji mengine ya mgonjwa au ya aliyekufa kwa ugonjwa huo. Ndiyo maana anayeugua akijificha, anayeumia kwanza ni anayemhudumia: mama, mume, binti, muuguzi. Na watu hujificha pale wanapojua kwamba wakijitokeza wataitwa majina kabla ya kupewa maji.

Mama aliyefunga mdomo

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwa mama wa yule mvulana. Ana mtoto mwingine mgongoni, wa mwaka mmoja na miezi mitatu. Kwa mazoea ya kazi yangu nikaomba kuona kadi ya kliniki. Chanjo za mwanzo zilikuwepo. Baada ya hapo, kimya. Ya surua ya miezi tisa haikuwepo.

"Dada, nikifungua mdomo tu wanajua," aliniambia. Katika kituo kimoja, siku nyingi nyuma, mhudumu alimuuliza mbele ya foleni nzima: "Wewe ni wa wapi?" Wanawake wawili wakacheka. Hakufukuzwa, wala hakunyimwa huduma. Aliulizwa tu. Kuanzia siku hiyo akawa anahesabu: ya leo ni muhimu kiasi gani hata nikaaibike tena?

Hapa ndipo linapoingia suala la afya ya mtoto wako wewe. Surua ni miongoni mwa magonjwa yanayoambukiza kwa kasi kubwa kuliko yote. Mgonjwa mmoja anaweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga. Ili jamii ikingike, watoto 95 kati ya 100 wanatakiwa wawe wamepata dozi zote mbili, ambazo hapa kwetu hutolewa mtoto akiwa na miezi tisa na miezi 18. Mtoto wako mchanga wa miezi mitano, ambaye hajafikia umri wa chanjo hiyo, anategemea kwamba wa jirani amechanjwa. Mama wa jirani akiogopa foleni kwa sababu ya kicheko chetu, kicheko hicho kinaweza kurudi nyumbani kwetu kama homa na vipele.

Sheria nayo iko wazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 5, inakataza kumbagua mtoto kwa misingi kama lugha, asili yake au kuwa mkimbizi. Lakini sheria haikai foleni ya kliniki. Tunaokaa ni sisi.

Wanajifunzia kwetu

Mtaalamu wa saikolojia Henri Tajfel alizaliwa Poland mwaka 1919, katika familia ya Kiyahudi. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha alikuta karibu jamaa zake wote wameuawa. Baadaye, akiwa Uingereza, alitaka kujua ubaguzi unaanzia wapi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alifanya majaribio na wavulana wa shule mjini Bristol. Aliwagawa katika makundi kwa jambo dogo kabisa, kwa mfano nani amependa picha za mchoraji gani. Hawakuwa na ugomvi wala historia. Hata hivyo, walipopewa nafasi ya kugawa zawadi za fedha, waliwapendelea wa kundi lao.

Kwa hiyo kugawana "sisi" na "wao" ni jambo jepesi kwa mtoto. Kinachobaki ni sisi wazazi kuamua tutayapa makundi hayo majina gani, na tutasema nini juu yake wakati mtoto anasikiliza. Na anasikiliza daima, hasa ukidhani amelala.

Ufanye nini? Haya ndiyo niliyokubaliana na dada yangu:

Kwanza, taja kosa, usitaje taifa. "Tufunge mlango, wezi wapo" inatosha. Mlango utafungwa vilevile.

Pili, mtoto akileta neno hilo nyumbani, usimchape. Muulize amelisikia wapi, na uwe tayari kusikia jina lako.

Tatu, mweleze ukoo wake. Kwa familia nyingi za Ngara na Biharamulo, ukirudi vizazi viwili au vitatu nyuma utakuta mtu aliyevuka mto. Mtoto anayejua hivyo atasita kumcheka mwingine.

Nne, chunguza dalili kwa mtoto anayeitwa majina. Akianza kulalamika tumbo kila asubuhi ya shule, akikojoa kitandani wakati alishaacha, au akigoma kuzungumza lugha ya mama yake mbele ya watu, zungumza naye na mwalimu wake mapema.

Tano, ukiwa kliniki na mwenzako mwenye lafudhi tofauti akasimamishwa kwa maswali, msogelee na umsalimie. Si lazima useme zaidi ya hapo.

Siku ya kliniki iliyofuata, dada yangu alifuatana na yule mama. Waliketi benchi moja. Muuguzi aliomba kadi, akauliza mtoto kama ana homa, akachoma sindano, akaandika tarehe ya kurudi kwa dozi ya pili. Hakuna aliyeuliza wa wapi.

Juzi nilimpigia simu dada nikamuuliza kuhusu ule mchezo. Akasema bado wanacheza kila jioni, na kelele ni zilezile.

"Sasa wanauitaje?"

"Polisi na mwizi. Nimekataa lile jina hapa kwangu."

"Na yule mtoto?"

"Jana alikuwa polisi," alisema. Kisha akasita kidogo. "Leo sijui, maana wamekwenda kuchezea kwa jirani."

Kwa jirani ndiko kwako na kwangu, mzazi mwenzangu. Tukutane wiki ijayo.