Mtoto akikwama kusoma Kiingereza, neno likatwe vipande

Mtoto wa darasa la tatu anasoma 'kalamu' na 'mwalimu' vizuri, lakini akifika kwenye 'basket' anasoma 'basiketi'. Nyumbani anaitwa mvivu. Kumbe anafuata kanuni ya Kiswahili mahali isipofanya kazi.

Silabi nyingi za Kiswahili huishia na irabu: ka-la-mu. Kiingereza huruhusu silabi kufungwa na konsonanti, hivyo 'basket' ina silabi mbili tu, bas-ket. Mtoto akiongeza irabu zinakuwa nne. Konsonanti mbili zikikaa katikati ya irabu, mara nyingi mkato hupita kati yake: rab-bit, pen-cil.

Ili kuhesabu, mtoto aweke kiganja chini ya kidevu na kutamka neno polepole. Kila kidevu kinaposhuka, hiyo ni silabi moja. Asihesabu irabu zilizoandikwa, kwani 'cake' ina mbili lakini silabi ni moja. 'E' ya mwisho haitamkwi.

Kisha kuna mkazo. Kiswahili huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. 'Banana' inakubali hivyo, ba-NA-na. 'Hospital' inakataa: ni HOS-pi-tal.

Mikato husaidia pia kwenye imla. 'Wednesday' kwa kawaida hutamkwa kwa silabi mbili, lakini wakati wa kuandika mtoto ajisemee moyoni Wed-nes-day, ili asidondoshe herufi. Maneno matano kila jioni kwa dakika kumi yana faida kuliko saa nzima ya kufokewa.

Hata hivyo, mzazi awe macho. Mtoto aliyefika darasa la pili au la tatu akishindwa kupigia makofi hata silabi za Kiswahili, au akichanganya mara kwa mara sauti zinazokaribiana, apimwe masikio na macho. Sikio linalotoa usaha kila mara linaweza kupunguza usikivu. Vipimo vikiwa sawa na shida ikaendelea, huenda ana disleksia, ugumu wa kusoma usiohusiana na uvivu wala upungufu wa akili. Mwalimu aelezwe mapema ili mtoto apewe msaada na muda zaidi.

Kwa anayesoma shule ya msingi ya Serikali kwa Kiswahili, kidato cha kwanza karibu masomo yote yatakuja kwa Kiingereza. Aliyezoea kukata maneno hatalikimbia neno refu. Ataanza na kipande cha kwanza.